Zawadi za Tumbatu

Mpendae, Unguja
Jumatatu, baada ya alasiri

Dada yangu Maisara,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Wete, wewe na shemegi na watoto, na lile goti lako liwe limeanza kukuachia usingizi. Ummy mpe busu langu, na mwambie mama yake mdogo hajasahau kile kitambaa cha buluu alichomuahidi. Nami ukiniuliza, mwili haujambo, alhamdulillahi. Nakula nikikumbushwa. Hayo mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Najua umeshangaa kuletewa karatasi dunia hii ya leo. Simu yangu haimo mikononi mwangu, Da Maisara. Anayo mkwe wangu, Bi Mwatum. Analala nayo chini ya mto na anakwenda nayo mpaka msalani, kwa sababu anaamini Mabrouk akipata pahala pa kupigia simu, namba ya mkewe ndiyo anayoijua kwa moyo. Kila ulipopiga, aliiweka sauti kubwa akakaa mbele yangu anitazame midomo. Ndiyo maana nikawa nakujibu “tunasubiri, tunasubiri” kama kasuku, hata ukanikasirikia ukasema nimekuwa mkavu. Barua hii nimempa Ayoub, mpangaji wetu wa chumba cha uani, anayesafiri kesho na boti ya Pemba. Isome ukiwa peke yako. Hata shemegi asiione kwanza.

Unalolijua wewe ni lile wanalolijua watu wote: mashua yetu ilipinduka karibu na Mangapwani, wanawake watatu tukaokolewa, na mume wangu hajaonekana hadi leo. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Bi Mwatum alikuja kututembelea baada ya Idi, akitokea Tanga pamoja na binti yake wa mwisho, Nusrat. Unajua kazi ya Mabrouk: kuwachukua wageni kwa tanga kutoka Shangani kwenda Changuu na Bawe, na mimi nikimsaidia kamba. Mbele ya wageni alikuwa akiniita nahodha wa pili. Miaka yote hiyo mama yake hakuwahi kuikanyaga mashua ile, na Mabrouk aliapa safari hii atamzungusha visiwani kama malkia. Akaipaka rangi upya, akamshonea mto wa kukalia. Mkwe wangu aliponiona navuta kamba akasema mikono yangu itakuwa ya mchukuzi wa bandarini na mwanawe atajuta. Nikamjibu kwamba mwanawe alishajuta zamani, sasa amezoea. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Pale Changuu, alipoambiwa umri wa yule kobe mkubwa, alimpigia shikamoo na akasimama kungoja marahaba yake. Nilimpenda siku ile. Nakwambia hili ili ujue kwamba si mkwe mbaya, na kwamba yote haya yangekuwa mepesi kama angekuwa mbaya.

Kutoka hapo tulipanda kaskazini mpaka Tumbatu, kwao Bi Mwatum alikozaliwa. Alikuwa hajakanyaga tangu alipoolewa akavushwa kwenda Tanga. Tulilala kwa kaka yake, Mjomba Ame, na asubuhi akazuru makaburi ya wazee wake. Tulipokuwa tunajitayarisha kurudi, ukoo mzima ukateremka pwani na zawadi. Magunia ya nazi, mihogo, mikungu ya ndizi, pweza mkavu, mikeka, na juu ya yote hayo Mjomba Ame akaja anamburura beberu. Mabrouk alianza kwa kucheka, kisha akaacha kucheka. Akawaeleza kwa adabu kwamba mashua yake ni ya watu sita waliokaa, haikutengenezwa kwa shehena. Mjomba Ame akasema, kwa Kitumbatu chao ambacho mimi sithubutu kukiiga, kwamba beberu yule alimfuga makusudi tangu aliposikia dada yake anakuja, na kama ni mzito basi yeye atamrudisha nyumbani. Pale pwani pakawa hapana anayemtazama mwenziwe.

Bi Mwatum akamvuta mwanawe pembeni. Nilisikia, kwa sababu nilikuwa nakunja mkeka karibu yao. Alimwambia amekaa ugenini umri mzima, na leo amerudi kwao mara moja, je, yeye Mabrouk ndiye atakayemvua nguo mbele ya ndugu zake? Da Maisara, wewe umewahi kumuona Mabrouk akimkatalia mama yake? Akapakia. Magunia yakaenda chini na majaketi yetu ya kujiokolea yakawa chini ya magunia, kwa sababu ndiko yanakowekwa.

Nilimnong'oneza kwamba hatufiki. Akasema analijua hilo, tutapiga kituo Mkokotoni, ng'ambo tu ya pale, tukodi gari ibebe mizigo yote mpaka mjini. Nikatulia. Tulifika Mkokotoni kweli, akashusha tanga. Lakini Bi Mwatum aligoma. Mkokotoni imejaa Watumbatu, akasema, na kabla ya magharibi kwao watakuwa wameshapata habari kwamba zawadi zao zimetupwa bandarini. Mabrouk akanitazama mimi. Nami ningeweza kusema neno. Mkwe ni mkwe, nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta kamba. Akapandisha tanga tena.

Karibu na Mangapwani upepo ulibadilika, maji yakaanza kutuingilia ubavuni. Beberu akapata wazimu, akakata kamba, akarukia upande ule ule uliolemewa. Bi Mwatum akainuka kumshika, maana ndiyo zawadi ya kaka yake. Mashua ikapinduka. Hapo nitarudi, nipe nafasi kidogo.

Nusrat alipata dumu tupu la maji akalikumbatia, mawimbi yakampeleka mbali nasi. Mimi na Bi Mwatum tulibaki kwenye tumbo la mashua mpaka wavuvi wa Mangapwani walipotuona, na Nusrat naye wakamuokota. Yeye alikuwa amekunywa maji mengi, hana fahamu. Alipozinduka mchangani, neno lake la kwanza likawa Mabrouk. Akaambiwa kwamba Mabrouk ameogelea kwenda kutafuta msaada, na mkondo umemchukua, na bila shaka kuna chombo kitakuwa kimemuokota. Tangu saa hiyo, Da Maisara, nyumba hii inaishi juu ya maneno hayo.

Ungeiona ungelia. Kila usiku Mabrouk anapakuliwa sahani yake na kufunikwa kawa, na asubuhi Nusrat anampa beberu. Ndiyo, beberu yu hai. Aliogelea mwenyewe mpaka pwani, akakutwa anatafuna majani, na sasa amefungwa uani kwetu. Bi Mwatum ameweka nadhiri kumchinja siku mwanawe atakapoingia mlangoni. Hafiz, rafiki yake Mabrouk wa Malindi, hajalala. Amezunguka Tumbatu, Mnemba, mpaka visiwa vidogo vya kwenu Pemba, kila penye mti na kivuli, anatafuta mtu aliye hai. Wiki iliyopita nusura na yeye azame. Mkewe Kidawa, mwenye mimba kubwa, alinifuata jikoni akaniuliza, huku ananitazama machoni, kama nina yakini Mabrouk aliogelea. Nikamwambia tunasubiri. Akasema, “Haya, bibi, nshakusikia,” akaondoka na kilio chake.

Majirani nao wameanza kunisema. Tangu tulipotoka Mangapwani sijatia mafuta ya mkaratusi wala manukato, bangili nimevua, wanja siutaki, na nje sitoki hata kwenda dukani. Kwanza walidhani ni ugonjwa. Sasa Bi Mwatum amekasirika. Jana alinikalisha kitako akanambia mke ambaye mumewe yumo njiani hakai hivi, anajipamba, nyumba inanukia udi. “Unanchuria mwanangu, Rukaiya,” akanambia. “Unakaa kama umeshamzika.” Nusrat akamtuliza.

Na Ijumaa hii amealika wanawake wa mtaa mzima waje kusoma dua ya kumrudisha msafiri salama. Ameshatoa mchele. Ameshamuagiza mtu wa kunipaka hina, mikono na miguu, mbele ya watu, ili Mwenyezi Mungu aone kwamba tunamtegemea. Mimi ndiye nitakayekaa katikati na kuitikia amin.

Da Maisara, Mabrouk hakuogelea kokote. Aliyesema hivyo pale mchangani ni mimi.

Mashua ilipopinduka, foromali, ule mti mrefu wa tanga, ulimpiga kichwani. Nilisikia mlio wake. Juu ya hivyo alimtoa mama yake chini ya tanga, akamsukuma mpaka nilipokuwa mimi. Mkono wangu wa kushoto nilikuwa nimeupitisha kwenye kamba ya mashua, na wa kulia nikamshika mama yake kwapani. Mabrouk akashika nguo yangu. Damu ilikuwa inamshuka mpaka masikioni na meno yanagongana. Nikamwambia apande, akasema hawezi, miguu haimo. Nikaona vidole vyake vinaanza kufunguka. Nilikuwa na mkono mmoja tu. Ningemwachia mama, ningemdaka yeye, maana alikuwa karibu hivi, karibu kama wewe na karatasi hii. Aliliona hilo usoni mwangu. Akasema, “Mshike mama.” Hakusema lengine. Nguo yangu ikawa nyepesi. Alikwenda chini macho yake wazi, polepole, na hakurudi juu, na mimi nilitazama mpaka maji yakajifunika.

Nilimshika mama, Da Maisara. Nilimshika kwa nguvu mpaka akabaki na alama za kucha zangu, na anawaonyesha watu alama hizo, anasema tazameni, mke wa mwanangu ndiye aliyeniokoa.

Pale mchangani alipofumbua macho akaniuliza, nilimuona mwanamke mzee ambaye pumzi bado haijamrudi vizuri. Nikasema uongo wa kumvusha saa moja. Nilidhani akipata nguvu nitamwambia. Kisha akanyanyuka, akamshukuru Mungu, akaanza kusubiri, na kila siku iliyoongezeka ikanifungia mlango. Kwa sababu nikimwambia mwanawe amekufa, atauliza nilijuaje. Na nikisema nilijuaje, ataelewa mkono wangu ulikuwa umeshika nini. Kisha ataanza kuyahesabu mengine mwenyewe: magunia, Mkokotoni, beberu. Naogopa atakufa. Na pengine naogopa zaidi kwamba hatokufa, atanitazama tu.

Lakini wewe ndiye uliyetusomesha chuoni, wewe ndiye uliyetwambia kwamba mke aliyeyajua mauti ya mumewe kwa yakini hangoji kutangaziwa na mtu. Kwa hiyo nimeingia eda tangu siku ile, peke yangu, ndani ya nyumba ambayo mume wangu anapakuliwa chakula. Sijui kama inasihi hivyo, kwa siri, bila ya mtu wa kukaa nami. Na kuna linalonichoma kuliko eda: Mabrouk hajasaliwa. Amelala huko alikolala na hakuna msikiti hata mmoja ulioinuka ukamsalia, kwa sababu mkewe amewaambia watu yu hai. Usiku namuomba radhi. Kwa nini alinitwika mimi neno lile? Namkasirikia, kisha namlilia, kisha nasikia simu ya Bi Mwatum, yaani yangu, inaita, na mwili mzima unanisimama, kwamba huenda ni yeye. Hata mimi, niliyemuona!

Sipaki hina Ijumaa. Wala amin siiitikii. Nitamwambia kabla ya wanawake hawajaja, na sina ubavu wa kumwambia peke yangu. Panda boti ya Alkhamisi, nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya. Ukifika usizungumze na mtu yeyote mlangoni, njoo moja kwa moja chumbani kwangu. Nataka ukae upande wake yeye, siyo wangu. Mshike mkono wewe, maana wangu huenda asiutake tena. Shemegi akienda msikitini mwambie amwandae imamu wa huko kwa sala ya maiti asiyekuwapo. Nami nitamwambia Hafiz aache kutafuta, na huku naye azungumze na imamu wetu. Kama Bi Mwatum atanifukuza, nitaomba nimalizie siku zangu za eda kwako.

Nisalimie shemegi na watoto, na jirani yako Bashira aliyenitumia zile karafuu. Mwenyezi Mungu akuvushe salama mkondo wa Pemba, na anisamehe kwamba nimeogopa hata kuliandika neno hilo, mkondo.

Ni mimi mdogo wako,

Rukaiya
mjane wa Mabrouk