Nilimtoza Mdogo Wangu Bei ya Serikali

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na nitaanza na hasara yenyewe ili usihangaike kuitafuta katikati ya maneno mengi: nimempoteza mdogo wangu. Nilimpoteza Jumanne ya wiki mbili zilizopita, saa saba na robo mchana, kwenye meza namba tatu ya mgahawa wangu mwenyewe, mbele ya wateja wasiopungua ishirini, na hajafa, yuko mzima wa afya, namwona kila siku ng'ambo ya barabara akila, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mimi nimejijenga kwa mikono yangu. Nilianza na chupa mbili za chai na vikombe sita kwenye geti la jengo lililokuwa likijengwa, nikiwauzia vibarua, na jengo lile lilipokwisha likawa ofisi za serikali, ghorofa nne, nami nikapanga chumba mkabala nalo, leo nina meza nane, jiko kubwa la gesi, mabinti wawili wa kuhudumia, na sidaiwi na mtu. Kwa chai hiyo nilimsomesha mdogo wangu mpaka akapata kazi ya ukarani wa masjala kwenye jengo lile lile, kazi yake kupokea majalada, kuyapandisha juu kwa wakubwa na kuyateremsha tena. Tangu aajiriwe anakula kwangu kila mchana na hajawahi kula bure, nilipoikataa pesa yake mwanzoni aliniambia, "Dada, ukinilisha bure utafilisika, mimi nakula sana," na ni kweli, anakula sana.

Sasa njoo kwenye mwaka huu. Dumu la mafuta ya kupikia limepanda kwa theluthi nzima, mtungi wa gesi umepanda mara mbili katika miezi mitano, mchele ndio sisemi, ushuru wa biashara tumeongezewa bila hata kuitwa kikao, na taa za barabarani tunazoambiwa ushuru huo unazilipia hazijawaka tangu zisimikwe. Kila jioni redioni tunaambiwa tuvumilie, hali ni ya dunia nzima, nami najiuliza mbona hiyo dunia siioni kwenye foleni ya gesi. Sahani ya wali na maharage nilikuwa nauza elfu mbili na ilikuwa inanigharimu elfu moja na mia mbili, sasa inanigharimu elfu moja na mia saba, hapo kodi ya chumba bado. Nikipandisha bei, mafundi wa gereji watakimbia, nisipopandisha nitakimbia mimi.

Siku moja nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, sijui niandike nini, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, sisi tunamwita Cheche, akapaza sauti kutoka meza ya dirishani: "Mama, usitupandishie sisi! Wapandishie waliopandisha!" Watu wakacheka, mwingine akadakia, "Na risiti uwape!" Nami nikaona, loo, utani huu una hesabu ndani yake. Nikaandika: wali maharage, bei ya wananchi elfu mbili, bei ya serikali elfu mbili na mia tano. Ukiingia na kitambulisho cha jengo lile shingoni, basi wewe ni serikali.

Mshauri, usinicheke, kitu kile kilifanya kazi. Watu walitoka mitaa mingine kuja kuupiga picha ubao wangu, na wakishapiga picha wanaona haya kuondoka bila kula, nilikuwa nauza sahani sabini kwa siku nikafika mia moja na kumi. Wafanyakazi wa ofisini wenyewe walicheka, wengine walivua vitambulisho mlangoni wakavitia mfukoni kama wanafunzi waliotoroka kipindi, nami nawajua wote kwa sura, nawatoza vile vile. Dereva mmoja aliniomba, "Mama, mimi ni serikali ya kuendesha tu, nipunguzie." Nikamwambia, "Usukani ni usukani, lipa." Nilikuwa na raha, sitakuficha, maana kwa mara ya kwanza tangu bei zianze kupanda niliona na mimi nimewapata.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa likizo. Jumanne hiyo ndiyo amerudi kazini, akaja na kitambulisho chake shingoni, hana hili wala lile, akakaa meza namba tatu kama kawaida yake, akala, akaweka elfu mbili mezani. Mgahawa mzima ukanyamaza. Cheche akasema, "Haya, leo tuone kama sheria hii ina undugu." Mshauri, ningefanyaje? Watu wote wananitazama mimi, na mimi ndiye ninayelalamika kila siku kwamba wakubwa wanabebana. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Bado mia tano. Wewe ni serikali." Watu walicheka mpaka wakagonga meza. Yeye akageuka akausoma ubao, taratibu, mstari kwa mstari, akatoa mia tano akaiweka juu ya ile pesa nyingine, akakirudisha kiti mahali pake, akasema, "Asante sana, mama."

Mtoto yule hajaniita mama hata siku moja. Mama wananiita wateja.

Tangu siku hiyo anakuja kazini na bakuli lenye mfuniko, amefungiwa na wifi yangu, saa saba ikifika anakaa kwenye ngazi za jengo lao anakula peke yake, akiniona ananipungia mkono kwa adabu kabisa, wala hajanuna. Nikamtuma binti ampelekee chakula, mayai mawili juu, kile anachokipenda. Bakuli lilirudi limeoshwa vizuri, ndani yake elfu mbili na mia tano, na ujumbe: "Mwambie mama mwenye mgahawa chumvi ya leo imezidi kidogo." Siku iliyofuata mama yetu mzazi akanipigia simu: "Nasikia umeanzisha serikali huko." Nikamwambia, "Mama, ile ni biashara." Akasema, "Hata wenzako wanasema hivyo hivyo," akakata simu.

Sasa tatizo langu ni hili. Fundi wa mabango anakuja Alhamisi hii saa nne asubuhi kuupaka ubao wote kwa rangi ya mafuta, bei zote mbili, herufi kubwa, nimeshamlipa nusu na rangi haifutiki kwa kitambaa kama chaki. Nikiandika bei mbili, nahofia yule mtoto nitakuwa nimempoteza moja kwa moja. Nikifuta, Cheche na wenzake watasema nimenunuliwa, sahani arobaini zitaondoka, na wale walionipandishia gesi watakuwa wameshinda bila hata kujua kwamba nilipigana. Wala sijaona kosa langu, mshauri: nilimtoza kama nilivyowatoza wengine. Nisingemtoza ningekuwa na tofauti gani na wao?

Usinijibu kwa mafumbo na usiniambie niangalie moyo wangu, moyo wangu nauona. Gazeti lenu linafika hapa Jumatano asubuhi. Nijibu humo, neno moja, bei mbili au bei moja, kabla ya saa nne ya Alhamisi, maana fundi wa mabango hasubiri mtu.

Ni mimi, mwenye mgahawa.

*

MSHAURI ANAJIBU

Bei moja.

Hilo ndilo neno ulilolitaka. Sasa kaa chini nikwambie na yale ambayo hukuyataka.

Kwanza pole. Hasira yako naiona na nakubaliana nayo. Mtu aliyetoka kwenye chupa mbili za chai akafika kwenye meza nane bila deni, halafu anaongezewa ushuru bila hata kuulizwa, ana kila haki ya kupaza sauti. Aliyekwambia uvumilie hapiki kwa gesi anayoinunua mwenyewe. Na huo ubao, dada, ulinichekesha mpaka nikamsomea mwenzangu wa meza ya pili.

Lakini hebu tazama ulichofanya. Ulikuwa na pengo kwenye hesabu zako. Waliolisababisha huwafikii. Ukaangaza macho ukaona nani yuko karibu na mkono wako, ukamtoza yeye. Mama yako alilijua hilo kwenye simu, wewe ukadhani anakutania. Waziri hajawahi kula maharage yako. Wanaokula ni karani, dereva, mfagizi na mlinzi, watu wanaonunua gesi kwenye foleni ile ile unayosimama wewe, na mshahara wao haujapanda kwa theluthi yoyote. Wewe hodari wa hesabu, mstari huo uliuruka.

Tena umeruka na mwingine. Wenye vitambulisho wanaokula kwako kwa siku ni wangapi? Hukuniandikia, nami nakisia hawazidi kumi na watano. Mia tano mara kumi na tano ni elfu saba na mia tano. Zile sahani arobaini zilizoongezeka, kila moja ikikubakishia mia tatu, ni elfu kumi na mbili. Kilichokuinua ni wingi wa watu. Mia tano ya mdogo wako ilikuwa ya kuchekesha meza ya dirishani.

Unaniuliza ungekuwa na tofauti gani na wanaobebana. Sikiliza. Anayebeba ndugu humpa asichostahili. Yule kijana alikuwa analipa kila siku kama watu wengine, na ungeweza kumwambia pembeni, kwa sauti ya dada, kwamba bei imebadilika. Wewe uliungojea umati unyamaze ndipo ukasema. Alipokuita mama alikuwa anakujibu kwa lugha uliyoianza wewe: ulimwita serikali, naye akakuita mwenye duka. Mko sawa hapo, hakuna anayemdai mwenziwe. Na usiniambie umempoteza. Mtu aliyekukatia tamaa haoshi bakuli, wala hatumi habari za chumvi. Huyo anakuchokoza, anangoja ujue hivyo.

Sasa kazi. Alhamisi fundi wa mabango akija, aandike bei moja, elfu mbili na mia mbili kwa kila mtu, na chini yake nusu sahani elfu moja na mia mbili kwa ambaye siku hiyo mfuko hauruhusu. Kwa sahani mia moja na kumi utabakiwa na mia tano kila moja, na hata wakikukimbia watu thelathini bado utakuwa juu ya ulivyokuwa kabla ya ubao huo. Piga mwenyewe uone. Upande wa kulia aandike: mtungi wa gesi mwaka jana, mtungi wa gesi leo. Hapo akuachie nafasi tupu uandike kwa chaki, maana bei hiyo haitulii. Wapiga picha watakuja vile vile, na safari hii picha itakuwa inamsema anayehusika. Cheche akikwambia umenunuliwa, mwambie akuonyeshe risiti.

Kuhusu ushuru, wewe na wenye biashara wenzako wa mtaa huo andikeni barua moja, muitie sahihi wote, muipeleke baraza la mji, mdai kikao ambacho hamkuitwa na mueleze habari za taa. Msikubali kuondoka bila kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Nendeni wengi, saa za kazi, na huyo Cheche mumchukue, mdomo ule usiishie kwenye maharage. Sikuahidi kwamba watapunguza. Nakuahidi kwamba watajua nani hasa anawakasirikia, jambo ambalo kwa sasa hawalijui.

Na mdogo wako. Usimtumie binti tena. Usimtumie mama wala wifi, na usimrudishie mia tano zake mbele za watu ili wapige makofi, utakuwa umemtoza mara ya pili. Leo ni Jumatano. Saa saba ikifika waachie mabinti mgahawa, hata kama kumejaa, vua aproni, pakua sahani yako mwenyewe, vuka barabara, ukae naye kwenye ngazi hizo, ngazi ile ile aliyokaa yeye. Wenzake watawatazama, waache watazame. Mwambie, "Nimekukosea." Usiongeze habari za gesi, wala mafuta, wala Cheche alisema nini. Ukishasema hilo, nyamaza, ule.