Jibu Jeupe

Liège, 6 Februari 2000

Maman mpenzi,

Natumaini wewe hujambo, na dada yangu Gracia na mimba yake. Mimi nasumbuliwa na baridi tu. Kwa mkono wa Muhigirwa nakutumia vibao sita vya maabara yetu, vidogo kama stempu. Kila kimoja kina mfereji mwembamba kama unywele. Mwishoni kuna dawa inayogeuka buluu ikikutana na sida, yaani ukimwi. Vitatu vimechongwa kwa mashine, kuta zake zina mikwaruzo. Vitatu ni mpira uliomiminwa kwenye kalibu, kisha ukapitishwa kwenye gesi yenye umeme ili uso wake upende maji. Jaribu kwa maji ya rangi, uniambie ni vibao vipi vinavyokunywa haraka.

Mwanao,
Christophe-Aimé

Kamembe, 20 Aprili 2000

Mwanangu,

Amani kwako. Sisi tuko hai. Vita vilimzuia Muhigirwa Bukavu. Kifurushi kimefika baada ya wiki kumi. Gracia amejifungua msichana, akatokwa na damu nyingi. Katika kituo chetu cha afya dawa za kupimia damu zilikuwa zimeisha. Jirani yetu Kamali akajitolea: "Maman Bernadette, bachukue yangu, niko na damu kama ng'ombe!" Vibao vya kuchongwa vilivunjika njiani. Nikaweka maji ya damu yake kwenye kibao cha mpira. Jibu likabaki jeupe, na kwetu maabara jeupe ni safi. Tukamtia Gracia damu hiyo. Sasa anakula, anacheka.

Mama yako

Liège, 9 Mei 2000

Maman,

Nakusalimu mbio. Mpira ule unasahau. Ukikaa wiki chache, uso wake unarudi kuchukia maji. Sikukuandikia, nilidhani kifurushi kitafika kwa siku nne. Maji ya damu hayana rangi, usingeweza kuona kama yamepita. Angalia kwa darubini. Mpime Kamali tena, leo.

Mwanao

Kamembe, 2 Juni 2000

Mwanangu,

Kwa mwili hatujambo. Barua yako imefika jana. Nimeangalia. Tone lilikaukia mlangoni mwa mfereji, duara, kama maji juu ya jani la magimbi. Dawa haikuguswa.

Kamali alivuka kwenda Bukavu kuuza unga, hajarudi. Mke wake anamtafuta. Dawa mpya zimekuja, lakini sida hujificha miezi mitatu, damu ya Gracia haitasema kweli kabla ya Julai. Nilitaka kunyamaza mpaka hapo. Asubuhi nimemkuta ananyonyesha, nikamwambia.

Hakulia. Amemtoa mtoto kwenye titi, akajifunika.

"Maman, sasa nimupe nini?"

Mtoto analia ninapoandika.

Mama yako