Mama Brian Walikuwa Wawili

Mama, wewe uliyemzaa mume wangu Wycliffe kisha ukanilea na mimi,

Leo Neema ameamka na kikohozi, uji umemwagika mezani, na nimefika kliniki nikiwa nimevaa blauzi kinyume. Mama mmoja kwenye benchi la nje ndiye aliyeninong'oneza. Nilicheka, nikageuka upande wa mlango nikuone wewe ukicheka pia, kisha nikakumbuka. Basi nimeketi kukuandikia kabla wamama hawajaanza kuingia. Nimechoka, Mama, lakini ni uchovu wa mtu mwenye kazi, na kazi hii ni wewe uliyenishikia isiniponyoke.

Nilipoolewa hapa Shinyalu nilikukuta kwenye kinu cha kusaga pale sokoni. Mifuko ya mahindi ilikuwa imepangwa foleni kando ya ukuta, wenyewe wamerudi shambani, na hakuna mfuko hata mmoja ulioandikwa jina. Kila mmoja ulikuwa umefungwa shingo kwa kitambaa chake: kipande cha leso, kamba ya manila, soksi ya mtoto. Siku ya kwanza nilitaka kufungua mfuko nijue ni wa nani, ukanipiga kikofi kidogo mkononi.

"Usiangalie mahindi. Mahindi yote yanafanananga. Angalia kitambaa."

Sikujua kwamba siku hiyo ulinifundisha kazi ambayo ningekuja kulipia kozi mjini Kakamega ili nifundishwe tena. Mimi ni wa kidato cha nne tu, unajua. Ulibaki na Neema hata jino la kwanza hajaota, nikaenda kujifunza Python, ile lugha ya kuandikia kompyuta maagizo. Na zahanati yetu iliponikubalia nijaribu kutengeneza programu ya foleni ya kliniki ya watoto, mwalimu aliniambia Python peke yake haitatosha. Kompyuta ya mlangoni na ile ya chumba cha nesi zilihitaji mahali pamoja pa kuchungulia, tena haraka. Akanionyesha hifadhi inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Unaipa ufunguo na kitu cha kuweka. Ukirudi na ufunguo, inakurudishia kitu chako papo hapo.

Nilipokueleza ulikuwa unachambua maharagwe. Ulisema, "Kumbe ni kitambaa na mfuko." Mwalimu alikuwa ametumia asubuhi nzima kusema hivyo.

Kuunganisha Python na hifadhi hiyo kwenyewe hakukuwa kugumu. Unaiambia Python hifadhi iko kwenye kompyuta gani na inasikiliza mlango namba gani, kisha unabisha hodi. Ikiwa macho, inaitika. Ilipoitika mara ya kwanza nilipiga kigelegele, Neema akalia kwa kushtuka, ukaniuliza kama nimeolewa tena. Halafu majina yakaanza kurudi yakiwa na herufi b mbele yake. Ukachungulia skrini ukauliza b ni ya nini. Sikujua. Nilihangaika siku mbili kabla ya kugundua kwamba nilipaswa kuiambia Python tangu mwanzo, wakati wa kuunganisha, igeuze yale yanayorudi yawe maandishi ya kawaida.

Ukauliza swali lingine, la mtu aliyekaa miaka mingi na kinu cha stima. "Na stima zikipotea?" Nikakiri kwamba inasahau kila kitu, isipokuwa imeambiwa iandike kwenye diski. Ulicheka mpaka ukaweka ungo chini. Ukasema basi una akili kuliko hiyo. Jioni hiyo hiyo niliiambia iandike.

Sasa ile siku. Najua hukupenda niisimulie, lakini nataka wamama wengine waisome.

Nesi mkuu alikuwa amenipa wiki mbili. Programu ikikosea, alisema, tunarudi kwenye daftari na mimi narudi nyumbani. Siku ya soko watu walijaa. Kila aliyeingia nilimuuliza jina kama tunavyoulizana sote hapa, na kila mmoja akajibu kama tunavyojibu sote: Mama fulani. Hilo ndilo nililolifanya ufunguo. Mama Brian akafika mapema akiwa na mtoto mwenye joto, nikampa nambari nne. Baadaye akaja Mama Brian mwingine kumleta wake kwa chanjo, nikampa thelathini na moja. Hifadhi haikugomba. Iliifuta nne ikaweka thelathini na moja, kimya kabisa, na kwa nesi zamu ya nne ikarukwa. Kwani nani alikuwa ameiambia kwamba Mama Brian wanaweza kuwa wawili?

Asubuhi ulikuwa umeniletea Neema anyonye. Saa sita ukamleta tena. Ulisimama mlangoni ukatazama benchi, hukunipa mtoto.

"Yule wa kitambaa cha kijani nilimwacha hapa asubuhi. Bado yuko."

Nikakuonyesha skrini, pale palipoandikwa Mama Brian. Nilikuwa na njaa, maziwa yalikuwa yamejaa hadi yananilowesha, na nilikujibu vibaya. Nilisema mashine inasema zamu yake ni thelathini na moja.

"Mashine haijamwona," ulisema. "Mimi nimemwona."

Ukamwendea. Alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto mgongoni aende zake. Alidhani ni yeye aliyekosea mahali fulani, na aliona haya kuuliza. Hukumuuliza jina wala nambari. Ulimuuliza alizaliwa wapi, akasema Matungu. Ukawageukia wengine ukauliza kama kuna Mama Brian mwingine, na yule wa pili akainua mkono, akasema yeye ni wa Khayega. Wewe ulikuwa umeshamshika yule wa Matungu mkono, unaingia naye kwa nesi bila kubisha.

Mtoto alikuwa na malaria, na joto lilikuwa limepanda vibaya. Nesi alimtibu, akapona, lakini aliponitazama sikuhitaji kuelezwa. Nilikuambia naacha. Ulinipa Neema, ukaniacha ninyonyeshe hadi nikamaliza kulia, kisha ukasema utakaa naye siku tatu, na mimi nikae na kompyuta. Ulienda mwenyewe kuzungumza na nesi. Mpaka leo sijui ulimwambia nini. Alinipa hizo siku tatu.

Ufunguo ukawa mrefu: mama, mtoto, alikozaliwa mama, halafu namba ya kijitabu cha kliniki, maana wa Khayega nao wanaweza kuwa wawili. Na nikaiamuru hifadhi isiandike kamwe juu ya ufunguo uliopo. Ukiwa upo, inikatalie, nami niinue macho nimtazame mtu.

Juzi msimamizi mpya alinitaka niondoe swali la ulizaliwa wapi, eti linachelewesha, kijitabu kinatosha. Nilimkatalia, kwa heshima. Kijitabu husahaulika nyumbani. Na nimeona jinsi uso wa mama aliyechoka unavyofunguka anapoulizwa kwao ni wapi. Hakuna anayeulizwa hivyo tena baada ya kuolewa, isipokuwa na mtu kama wewe. Swali limebaki.

Mama Brian wa Matungu alikuja kwenye mazishi yako. Alimbeba Brian, mzito kama gunia, akamshusha akimbie na Neema.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Kila asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, programu hubisha hodi kwa hifadhi, kisha huandika ufunguo mmoja na kuusoma tena, ili nijue zinasikizana. Zamani niliandika neno "jaribio". Sasa naandika Mama Wycliffe wa Ikolomani. Na mbele yake naweka lile neno linalotokea kila mama anapoingia mlangoni. Nakuuliza, na kabla sijainua kidole, linarudi: amefika.

Ndipo nafungua mlango.

Asante, Mama. Pumzika. Neema nitamfunga kitambaa chako shingoni leo, kwa hicho kikohozi.

Mke wa mwanao,
Mama Neema wa Khwisero