Mama Mbele ya Tume ya Mipaka

Ziwa Kisewa,
Kaskazini mwa Manitoba.
9 Februari 2013

Mpendwa mdogo wangu Leslie,

Hujambo huko Halifax? Kifua kimepona, au bado unakohoa na huo upepo wa bandarini? Sisi tu wazima. Baridi imekaza, lakini kuni zipo, na Mama ametimiza miaka themanini na moja huku akila kuliko mimi.

Habari yenyewe inamhusu yeye. Mwaka jana tume inayochora upya majimbo ya uchaguzi ilitaka kupitisha mpaka katikati ya mto wetu. Shangazi Ida na wenzake wa ng'ambo wangebaki katika jimbo letu la Amisk Kaskazini. Sisi tungepelekwa kupiga kura na wakulima wa ngano wa kusini, mwendo wa saa nane kwa gari.

Mama akaomba nafasi ya kusema. Nikampeleka mjini Oktoba. Ukumbini wanasheria walikuwa na ramani. Yeye alikuwa na mkoba wake tu.

Jaji aliyeongoza tume akamwambia, "Mama, una dakika kumi."

"Zinatosha. Baba yangu alisubiri mpaka uzeeni."

Akawaeleza kwamba hadi 1960 watu wetu, wenyeji wa asili wa nchi hii, hawakuruhusiwa kupiga kura ya taifa bila kwanza kuzikana haki zao za mkataba na serikali. Juni 1962, babu Ambrose, mzee wa miaka sabini na moja, alivuka mto kwa mtumbwi akawa wa kwanza kupiga kura hapa. Na zahanati tuliipata kwa sababu pande zote mbili za mto zilimbana mbunge mmoja.

"Mkitugawa, kila upande tutakuwa wachache. Mbunge gani atatupigia hodi?"

Jaji akauliza kama mto si mpaka wa asili.

"Nyie mnaupita juu ya daraja, ndiyo maana mnauona mpaka. Kwetu sisi ni barabara."

Jaji akainama akaandika. Leslie, sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama siku ile.

Jumanne ripoti ilitoka. Mpaka umesogezwa kusini kilomita sitini, na jina la Mama limo. Nilimsomea ukurasa ule mara tatu. Alisikiliza huku akimenya viazi.

Shemeji yako Gilbert na Shangazi Ida wanakusalimu. Nisalimie Corinne na watoto. Muumba akulinde huko kazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mama amenituma nikuulize mara ya mwisho ulipiga kura lini. Jibu nitamsomea kwa sauti, kwa hiyo lifikirie vizuri.

Dada yako akupendaye sana,
Verna