Azzam Yuko Guangzhou

Jumanne, 11 Machi

Siku ya thelathini na tatu. Nimehesabu kwenye kalenda ya dukani.

Ajali ilikuwa Alhamisi, tarehe sita Februari. Lori la kontena lilikuwa linatoka bandarini, breki zikakataa, likalipanda gari la shemeji Azzam kwa nyuma. Azzam alizikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Wakati anaswaliwa, mkewe yuko chumba cha upasuaji. Mkewe ni dada yangu Rasha. Nyonga, paja la kushoto, kichwa.

Nimeandika yote hayo na mwandiko wangu ni mzuri. Sijalia hata siku moja. Kuna kitu hakiko sawa kwangu, ila sina muda wa kukitafuta.

Leo nimepeleka futari wodini. Uji, tambi, kaimati. Da Rasha kala vijiko sita. Halafu swali lake: Azzam kapiga simu?

Nikasema kule Guangzhou WhatsApp haishiki.

Akasema ana wichati, ile ya Wachina. Kila mtu Kariakoo ana wichati.

Nikasema simu kaibiwa. Neno hilo sijui lilitoka wapi, lilitoka tu.

Uongo wa kwanza haukuwa wangu. Ulikuwa wa Ami Saif, mdogo wake marehemu baba, ndiye mkubwa wetu sasa. Da Rasha alipozinduka, siku ya tisa, aliuliza mumewe yuko wapi. Daktari alikuwa ametuonya asishtuliwe, kichwa bado. Sote tukaangalia sakafu. Ami akasema: alitoka salama, kaenda China kufuata mzigo. Kwa familia nyingine angechekwa. Kwetu sisi wauza mapazia ukaingia vizuri. Kariakoo mtu anaweza kukosa harusi ya mwanawe kwa ajili ya kontena.

Ila hakuna aliyefikiria jambo moja. Da Rasha kamkasirikia. Kaniacha hivi, Lujain? Na mguu huu?

Amemnunia marehemu. Sijui nifanye nini na hilo.


Alhamisi, 13 Machi

Mama alikwenda kumuuliza ustadhi kuhusu eda. Akaambiwa eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, inahesabiwa tangu siku ya kifo, mwanamke awe anajua au hajui. Na asichokijua hana lawama nacho. Mama alisikia nusu ya kwanza tu.

Kwa hiyo Da Rasha yuko edani na hana habari. Mama ndiye anayemshikia masharti yake. Bangili alizovuliwa kwa ajili ya picha ya mionzi hazirudi. Dera la maua limekwenda nyumbani, kaletewa gauni la kijivu lisilo na uzi wa urembo. Losheni yenye harufu, hapana. Wanja, hapana. Binamu zetu wa kiume wanaambiwa kuona wagonjwa ni wanawake tu.

Nesi Joyceline alinivuta kando akaniuliza sisi ni dhehebu gani hasa. Nikamweleza habari ya eda. Akasema, kwa hiyo yeye peke yake ndiye hajui? Nikasema ndiyo. Akasema pole. Nimeitikia pole nyingi mwezi huu, nyingine naitikia kabla mtu hajamaliza.


Jumapili, 16 Machi

Mama kamkataa Gaudens. Ndiye anayemfanyisha mazoezi ya viungo. Kijana wa watu, mpole, anaomba ruhusa hata kabla ya kushika kisigino. Mama kasema aletwe mwanamke. Wakasema hakuna, ni huyuhuyu. Mama kasema basi tutasubiri.

Da Rasha kashangaa. Mwezi mzima Gaudens anakuja, leo kuna nini? Mama kasema Ramadhani. Jibu la hovyo kabisa, hata yeye aliona.


Jumapili, 23 Machi

Wiki nzima bila mazoezi. Goti limekaza. Daktari Elimringi kalipima mwenyewe leo, likagoma katikati, Da Rasha akauma shuka. Daktari hakupandisha sauti. Alituuliza tu, mimi na Mama, kama tunataka mgonjwa wetu atembee. Mama alisema ndiyo kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Kule nje daktari akasema jingine. Kichwa kimepona vya kutosha. Anaweza kuambiwa sasa, na mambo kama haya yakicheleweshwa sana huharibika. Nilimpelekea Ami Saif maneno hayo dukani. Alikuwa anampimia mteja pazia. Akamaliza kupima, akakata, akakunja, akafunga. Ndipo akasema: baada ya Idi.

Niliona nafuu. Naandika ukweli, niliona nafuu.


Jumanne, 25 Machi

Gaudens karudi. Mama anakaa kwenye kiti mgongo umewaelekea, anavuta tasbihi.

Gaudens alimuuliza Da Rasha anataka nini, maana mtu akiwa na shabaha anavumilia maumivu. Da Rasha akasema: mume wangu akirudi anikute nimesimama. Nataka kumgombeza nikiwa nimesimama.

Gaudens kacheka. Hajui lolote masikini. Mimi pia nilicheka, nikasikia sauti yangu inatoka mbali. Tasbihi ya Mama ilisimama kidogo, ikaendelea.


Jumatatu, 31 Machi. Idi.

Tumeswali Mnazi Mmoja, tukaenda hospitali moja kwa moja, wanawake watano. Tumejifukiza, tunanukia udi mpaka mlinzi wa getini akatutania kwamba wagonjwa watapona kabla hatujafika.

Da Rasha alivuta pumzi tulipoingia. Akasema jamani, na mimi mnipake mafuta kidogo. Shangazi alikuwa na kichupa mkobani, akakitoa kwa mazoea. Mama akakidaka mkononi mwake, akakifunga. Akasema daktari kakataza, harufu inabana kifua.

Da Rasha akasema: nimevunjika mguu, Mama, si kifua.

Shangazi akaanza habari za pilau. Da Rasha akaomba basi hina, kucha mbili tu. Mama akasema hina inaficha kucha, wanashindwa kuweka kile kidude cha kidoleni cha kupimia hewa. Hilo ni kweli angalau.

Akatutazama mmoja mmoja, mikono yetu yote na hina zetu. Baadaye akala pilau, akasema imekosa mdalasini. Hakumuulizia Azzam leo. Nikadhani ni sikukuu, hataki kujiharibia.


Jumatano, 9 Aprili

Mzigo wa Azzam umefika.

Sikumbuki kama niliwahi kuwaza kwamba ungefika. Alikuwa ameagiza Januari kwa simu, kwenye kontena la kuchangia na wenzake. Meli haijui nani kafa. Leo asubuhi wapagazi wakashusha marobota saba mlangoni, kila moja limepuliziwa alama yake kwa rangi nyekundu: AZZAM–RASHA. Aliweka jina la mkewe tangu walipooana, ili lisichanganywe na la kina Azzam wengine wa mtaa wa Kongo.

Ami Saif alisimama na kisu cha kukatia kamba. Kisha akanipa mimi nikate, akaenda msikitini, na adhana ilikuwa bado.

Nikakata. Mapazia ya rangi ya maziwa yenye mstari wa dhahabu. Mazuri. Nikauza jozi tatu kabla ya Adhuhuri. Mteja aliniuliza kama mengine yatakuja, nikasema tutaagiza.

Jioni nikachukua kipande nikampelekea Da Rasha. Nikasema Azzam katuma mzigo. Mara ya kwanza kumwambia habari ya Azzam ambayo ni kweli, karibu kweli, na ndiyo iliyonishinda kuisema sawasawa. Alikishika kile kitambaa. Akakigeuza upande wa ndani, akaangalia mshono, kama tunavyofanya dukani. Akasema ana jicho zuri. Akakiweka chini ya mto. Hakuuliza anarudi lini.


Jumapili, 20 Aprili

Hatua nne na fremu ya kutembelea. Joyceline, yuko zamu siku ya Pasaka, kaja kuangalia. Da Rasha jasho linamtiririka. Anamuuliza Gaudens: bado ngapi mpaka mlangoni?

Ami kasema tusimwambie sasa. Akiambiwa ataanguka. Mwacheni afike mlangoni kwanza. Azzam wa Guangzhou ndiye anayemtembeza, na Azzam huyo namtunga mimi. Jana kala tambi zenye pweza. Juzi kapata mafua. Nimeshakuwa hodari, nawaza mapema atafanya nini kesho.


Jumanne, 29 Aprili

Kafika mlangoni. Mvua. Dukani maji yameingia, tumeinua marobota juu ya matofali. Sina la kuandika.


Jumanne, 6 Mei

Leo ndiyo leo. Walikubaliana Jumapili: Ami atamwambia mwenyewe, saa kumi, Mama awepo, Joyceline akae karibu. Mimi nitangulie nimwoshe uso, nimfunge mtandio vizuri.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili chini. Nikamfunga mtandio. Akaniuliza, polepole, bila kunitazama:

"Wanakuja kuniambia leo?"

Nikasema kukuambia nini.

"Lujain. Najua tangu Idi."

Mikono yangu ilibaki kwenye mtandio wake. Akasema Mama hajawahi kumnyima mtu mafuta siku ya Idi, hata mfanyakazi wa jirani. Ni mjane tu anayenyimwa. Alijua palepale, mbele ya pilau. Akala, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Nikamuuliza kwa nini ulinyamaza. Nilimuuliza kwa hasira, nashangaa. Mwezi mzima nampikia mtu tambi za pweza!

Akasema: "Nilimtukana wiki sita. Yuko kaburini, mimi namwita mbinafsi. Nikaona aibu hata kumlilia. Na wewe ulikuwa unaniletea habari zake kila jioni. Nilikuwa nazisubiri."

Nikakaa kitandani. Kifua kiliniuma mahali fulani, kama ganzi inapoanza kutoka mguuni. Sikutaka itoke.

Halafu akanieleza jambo lenyewe. Akiambiwa rasmi, Mama atamweka edani kweli. Gaudens ndiyo basi. Atafunikwa, atalazwa, wanawake watajaa hapa na misahafu mpaka katikati ya Juni, na goti litakaza tena, na safari hii halitafunguka. Kashahesabu. Zimebaki siku thelathini na tisa. Dini haimkatazi tiba, anajua hivyo, na Mama anajua pia, lakini Mama ni Mama.

"Nipe siku hizo nitembee," akasema. "Eda naikaa. Sijajipaka chochote, sijatoka humu. Azzam nitamlilia, usidhani sitamlilia. Ila mwache abaki huko kwanza."

Wakaingia.

Ami Saif kavaa kanzu ya Ijumaa. Shikamoo, marahaba. Akavuta kiti, akakaa, akashika magoti yake. Mama alisimama kwa nyuma, leso iko mdomoni tayari. Ami akakohoa. Akasema mwanangu Rasha, Mwenyezi Mungu. Akaishia hapo. Uso wake ulikuwa mzee sana.

Da Rasha akamsaidia. Akasema, "Ami, Azzam hajambo huko?"

Nilisikia matone ya mvua kwenye bati la kibanda cha mlinzi.

Ami akasema: "Hajambo. Anakusalimia."

"Na mimi namsalimia."

Mama akatoa sauti, akasema ni mafua. Gaudens alikuwa ameshafika mlangoni na fremu, anaomba ruhusa kama kawaida yake. Ami akageuka, akanitazama mimi. Mama naye. Da Rasha naye, jicho kavu, mkono uko chini ya mto. Maana mwenye habari za Guangzhou ni mimi.

Ami akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya kuomba: "Kwani kasema anarudi lini?"

Nikasema ngoja nipige nimuulize.

Niko nje kwenye benchi, simu sikioni, na mkono mwingine unaandika. Nimekaa dakika kumi. Fremu naisikia inagonga sakafu huko ndani, gong', halafu kimya, gong'. Ami kachungulia mara mbili. Lazima niingie na tarehe.