Mzee wa Kumi na Tisa

Jumapili, 4 Agosti

Ustadh Lutfi kaniaibisha mbele ya wazee wote. Nilikuwa najaza karatasi ya dawa — nani kanywa, saa ngapi — akaninyang'anya, akaisoma kwa sauti. Eti herufi zangu zimepooza kuliko miguu yake. Eti aliyenisomesha alikuwa mwalimu au punda? Wazee walicheka mpaka mmoja meno yakamdondokea kwenye supu.

Sawa. Miaka arubaini kafundisha Kiarabu, leo nani anamfunga nepi? Mimi, Zizo, uti wa mgongo wa nyumba hii ya wazee. Nimemwacha na ile ya asubuhi mpaka magharibi. Asome hiyo.

Jumanne, 6 Agosti

Kesho mkaguzi wa wizara. Madamu Inshirah, mwenye nyumba, kapauka. Leseni inasema wazee kumi na wanane. Tunao kumi na tisa.

Kaniita pembeni. "Zizo, roho yangu, mmoja umpandishe juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Nusu saa tu. Chagua asiye na kelele."

Nikamwambia asiye na kelele hana hatari, Madamu. Wa kuficha ni mwenye mdomo. Akaniangalia, akacheka, akanipiga bega. Akili hiyo — na shule niliishia darasa la sita.

Jumatano, 7 Agosti

Saa tatu asubuhi nimempandisha Ustadh mgongoni. Mifupa mitupu, ulimi ndio mzito. "Unanipeleka wapi, punda wewe?" Kwenye hewa safi, Ustadh, ndivyo wizara wanavyotaka. Nikamkalisha na fimbo yake kwenye kivuli cha ukuta, kando ya mlango wa bati, nikaufunga. Maji nilisahau. Nusu saa tu.

Mkaguzi kapita kila chumba. Kahesabu vitanda, kanusa mashuka, kasifu. Yuko mlangoni anaaga, Madamu akaapa: wallahi huondoki bila kula, njiwa wameshajazwa wali na kuokwa. Akakataa mara mbili, kwa adabu. Ya tatu akavua koti.

Saa saba. Naandika ngazini, mgongo kwenye mlango. Bati linaniunguza. Kivuli hakipo tena upande huu, najua. Ufunguo ninao. Lakini nikifungua atapiga kelele, na chumba cha kulia ni hapa chini tu. Leseni itakwenda, na kazi yangu nayo.

Mwanzo aligonga kwa fimbo, akanitukana mpaka babu yangu. Nikamwambia aendelee, niko darasani.

Halafu: "Zizo, mwanangu. Maji."

Nikamwambia aombe kwa Kiarabu fasaha, kama alivyokuwa akifundisha.

Akaomba. Fasaha kabisa, kila neno na irabu yake ya mwisho, ile tunayoimeza mitaani, hakuruka hata moja. Nilicheka.

Saa saba na nusu. Madamu anaagiza chai ya mnanaa. Mkaguzi anasema kidogo tu, sukari vijiko vitatu.

Fimbo imenyamaza.

Nimegonga mimi, kutoka huku. Polepole, wasisikie chini.

Nimegonga tena.