Seva niliyoitengeneza ili nisiongee na watu

Jumapili, jioni. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya milima, lakini mvua bado haijaamua. Mimi pia ni hivyo hivyo. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Mama ameniuliza kama nina homa.

Sina homa. Nina seva.

Tangu nimalize mtihani wa serikali niko nyumbani nasubiri matokeo, na katika kusubiri nimegeuka mtunza nyimbo wa korali yetu. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa tu na kompyuta ya kaka yangu iliyovunjika kioo, pamoja na diski ya nje. Watu walirekodi mazoezi kwa simu, simu zikapotea au zikaingia maji, wakaanza kuleta nyimbo kwangu. Sasa kila baada ya ibada kuna mtu mlangoni: "Minye pia uniwekee ile ya Pasaka." Nawapenda wote. Lakini nikimwona mtu pale mlangoni, ulimi unanikauka.

Kwa hiyo ukweli ni huu, na sijamwambia mtu: niliitaka seva ili wajichukulie nyimbo wenyewe. Waje na simu zao, wakae uani, waingie kwenye Wi-Fi ya nyumbani, wachukue, waende. Mimi nibaki chumbani.

Nilihangaika sana kuchagua programu ya kuigeuza kompyuta ile kuwa seva. TrueNAS ilinivutia kwa jinsi inavyolinda data, lakini ilitaka kumbukumbu kubwa kuliko ya kompyuta yangu, tena ilitaka kuifuta diski kwanza ndipo iitumie. Kuifuta! Niliikimbia. Nextcloud ni nzuri, na kitu kilichofutwa kinakaa kwenye pipa lake, lakini nilivyotaka kuitumia, kila mtu angehitaji jina na neno la siri. Maana yake ningeongea na kila mwanakorali, na nusu yao wangelisahau neno la siri na kurudi mlangoni. Nikabaki na OpenMediaVault. Ni nyepesi, unaiendesha kwa kivinjari kutoka kompyuta au simu nyingine, na iliipokea diski yangu kama ilivyo.

Halafu ikaja sehemu ya ruhusa. Nani asome? Nani aandike na kufuta?

Nikawapa wote vyote, bila neno la siri. Pipa la vilivyofutwa, ambalo hata programu hii inalo, sikuliwasha, kwa sababu diski inakaribia kujaa.

Leo baada ya ibada akaja Yaya Riziki (dada mkubwa kwetu ni yaya), anayeimba sauti ya pili. Sikumsalimu hata vizuri. Nilimwonyesha kwa kidole karatasi niliyoibandika ukutani, yenye jina la Wi-Fi, nikajificha. Nilimsikia akicheka na Mama, kisha akaaga. Nilipofungua seva, folda ya marehemu Mama Adela haikuwepo.

Mama Adela alitunga nyimbo zetu nyingi na hakuandika hata moja. Korali bado inajifunza kwa kusikiliza sauti yake, mstari kwa mstari, kutoka folda ile. Hakuna nakala nyingine.

Nilielewa haraka. Simu zetu hazina nafasi, kwa hiyo kila mtu huku amezoea kubonyeza "déplacer": unahamisha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kadi ili simu ipumue. Kidole cha Yaya Riziki kilifanya kilichozoea. Hakunakili. Alihamisha. Sasa nyimbo zilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye simu inayojaa kila siku, ya mtu anayefuta vitu ili apate nafasi ya picha. Na kesho alfajiri anakwenda Luberizi kusaidia kuvuna mpunga.

Nilimpigia. Imezimwa.

Nilipovaa viatu, kaka yangu alishika kichwa. "Weye? Kwenda kwa watu? Ngoja nikufuate nione na macho yangu!"

Hakunifuata. Nilitembea peke yangu hadi Kilibula, anakokaa, nikasimama nje ya uzio wa parsele yao mpaka mbwa akachoka kubweka. Ndani kulikuwa na shangazi zake, wote wameketi, wote wananitazama.

"Mutoto wa Mama Furaha!" Yaya Riziki aliita. "Juu ya nini uko nasimama pale, hauingie? Ingia!"

"Yaya, nyimbo za Mama Adela... Ulizihamisha. Kwangu hazipo tena."

"Aa, hapana. Minye nilichukuwa tu."

Aliwasha simu. Zilikuwepo zote. Akasema taratibu kwamba ile ndefu alikuwa anataka kuifuta sasa hivi, inakula nafasi. Mmoja wa shangazi akasema, "Yesu wangu."

Halafu akanigeukia. "Na weye juu ya nini hukuniambia? Unabandika karatasi ku ukuta kama ofisi ya serikali, ya Leta! Minye nitajuwa je?"

Alikuwa na haki.

Tulirudi pamoja nyumbani kwetu. Aliketi kando yangu, simu mkononi, hadi wimbo wa mwisho ukaingia kwenye diski. Nimebadilisha ruhusa mbele yake: wote wasome, mimi peke yangu niandike na kufuta. Pipa nimeliwasha. Nakala ya pili ya folda ile iko kwenye kadi, na Mama ameifunga kwenye kitenge chake cha ibada. Programu haikuwa na kosa. Niliichagua vizuri, kisha nikaitumia kama ukuta.

Ila anayetaka kuongeza wimbo lazima sasa anione. Na Yaya Riziki ameshampigia kiongozi wa korali: Jumatano kwenye mazoezi nitasimama mbele, nionyeshe namna ya kuchukua nyimbo bila kuziondoa. Nilisema ndiyo. Sijui ni nani aliyesema ndiyo kwa kinywa changu.

Nimejaribu kuyapanga maneno tangu alipoondoka. Nikishasema "Bwana asifiwe", nao wakaitika wote kwa nguvu kama wanavyoitika, neno langu la pili litakuwa lipi?